Kliniki ya urembo Mwanjelwa: nilitaka kunyonywa mafuta, daktari akagoma

Kazi yangu ni kupima watu. Nina kibanda cha cherehani karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwaka wa 17 huu, na ukipita mlangoni kwangu naweza kukutajia kiuno chako kabla sijashika tepu. Kwa hiyo nilipopanda ngazi za hiyo kliniki mwezi wa sita nilikuwa nimeshajipima na kujiandika kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote: kifua sentimita 104, kiuno 98, nyonga 112. Nilichotaka nilikijua. Ninyonywe mafuta, kiuno kishuke mpaka 84, nirudi kushona.

Jina la kliniki silitaji. Nina ya kusifu na nina ya kulalamika, na mji wetu huu tunajuana.

Nianze na kilichonipeleka. Nina watoto watatu, wawili wa mwisho nilijifungua kwa operesheni pale hospitali ya Meta. Baada ya hapo tumbo la chini halikurudi. Liliangukia juu ya kovu, likakaa hapo kama mfuko wa aproni. Nilifunga mkanda wa kubana, nikanywa maji ya tangawizi na limao asubuhi, nikaacha ugali usiku. Uso ulikonda, tumbo likabaki. Halafu mteja wangu mmoja akaenda Dar es Salaam, akakaa mwezi, akarudi na magauni manane nimpunguzie kiuno. Nane! Kila mshono niliokuwa nafumua nilikuwa najisemea, na mimi nitaenda.

Kabla ya kliniki nilipita kwa mama mmoja wa saluni, akaniambia ana sindano za kuyeyusha mafuta, na ukitaka kiyeyuke huku kiongezeke kule, anazo dawa za mchina za kumeza. Nikaomba nione kichupa. Hakina jina la kiwanda, hakina tarehe ya kuisha, alama ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, ndiyo usiulize. Mie uzi usio na lebo siununui, sembuse kitu cha kuingia mwilini. Nikamuaga vizuri, maana nywele ananisuka yeye.

Pale kliniki daktari bingwa wa upasuaji huja kutoka Dar mara moja kwa mwezi. Kumwona ni shilingi 50,000, unalipa kabla, unapewa risiti. Niliambiwa nifike saa tatu asubuhi. Niliingia kwake saa sita na dakika ishirini. Juni ya Mbeya mnaijua, na benchi lao ni la chuma, liko koridoni, upepo wa mlima Loleza unapita humo kama umelipa kodi. Nilivyochoka kukaa nikaanza kukagua picha za ukutani, zile za kabla na baada. Jicho la fundi halilali: picha ya kabla mtu ameshusha mabega na ameachia tumbo, taa ya juu, ya baada amevuta pumzi, taa ya mbele, na chupi imepandishwa mpaka karibu na kitovu. Chupi ikipanda hivyo, kovu liko wapi? Nikaanza kupata wasiwasi na 50,000 yangu.

Wasiwasi uliisha nilipoingia ndani.

"Karibu mama. Umekuja kutafuta nini?"

"Kunyonya mafuta, daktari. Nataka kiuno cha 84."

Hakuandika. Akaniambia nisimame mbele ya kioo, nisifikirie namba, niweke mkono pale ambapo kila siku asubuhi naangalia kwanza. Mkono ukaenda wenyewe chini ya kitovu, kwenye ule mfuko. Wala haukukaribia kiuno.

"Basi tuzungumze hapo ulipoweka mkono," akasema.

Muuguzi wa kike alikuwepo muda wote, hilo nawapa alama. Daktari akaniminya tumbo kwa vidole viwili, juu, pembeni, chini. Akaeleza kwamba kinachominyika ndicho kilicho chini ya ngozi, na mrija wa kunyonya unafika hapo tu. Mafuta yaliyoko ndani, yanayozunguka utumbo, mrija hauyagusi, hayo yanaisha kwa chakula na mazoezi. Ndiyo maana mwanaume mwenye kitambi kigumu kama ngoma hata akinyonywa atatoka vilevile. (Nilimfikishia Baba Atu salamu hizi jioni. Hakufurahi.)

Kisha akanilaza chali, magoti juu, akaniambia ninyanyue kichwa kidogo tu. Akazamisha vidole katikati ya tumbo, juu ya kitovu. Vikaingia vitatu. Akanishika mkono nijipime mwenyewe, na kweli, katikati pana bonde, na misuli iko huku na huku kama kingo mbili za kitambaa. Hapo ndipo nilipomwelewa bila kutafsiriwa: mshono wa ndani umeachia. Mimba zinatanua ule utando wa katikati, kwa wengine unarudi, kwa wengine unabaki umelegea, na tumbo linasukumwa mbele hata kama mtu hana mafuta mengi.

"Nikikunyonya mafuta," akasema, "nitakuwa nimetoa pamba kwenye mto. Foronya itabaki ileile."

Mwe! Mimi nilitaka kulipia foronya tupu.

Kwa hiyo alichogoma ni hicho. Akasema kwa tumbo langu, ngozi imezidi na misuli imeachana, kunyonya peke yake kutanipa ngozi inayoning'inia zaidi ya sasa. Kinachofaa mwili kama wangu ni upasuaji wa kurekebisha tumbo: wanakata chini, kutoka nyonga hadi nyonga, wanaivuta ngozi, wanashona ile misuli irudi katikati, wanapunguza ngozi iliyozidi, kitovu wanakitengenezea tundu jipya. Ni nusu kaputi, si ganzi ya pale tu. Kovu lake ni refu, nami nilipomwambia "refu kiasi gani" alichukua tepu, tepu ya kwangu niliyokuwa nayo kwenye pochi, akanionyesha. Linapita mle mle la operesheni na kuendelea pande zote mbili. Akafungua simu na picha za wagonjwa wake walioruhusu, bila sura, za mbele na za ubavuni, na makovu ya mwezi mmoja na ya mwaka mzima. La mwezi mmoja linatisha. Hakulificha.

Kisha akaomba aone bega langu la kulia, pale pa chanjo ya utotoni, na masikio nilipotoboa. Nikadhani anatania. Anatafuta keloidi, yale makovu yanayovimba na kupanda juu ya ngozi, sisi watu weusi yanatupata zaidi. La chanjo limekaa bapa, masikio yako salama, na kovu la operesheni zangu mbili ni mstari mwembamba. Akauliza kama mama au dada zangu wanayo. Dada yangu anayo moja kifuani. Akaandika hilo kwa kalamu nyekundu.

Nikajaribu bahati yangu. Nikasema hayo mafuta ya pembeni, badala ya kuyamwaga, si mnihamishie nyuma? Nishawashonea wateja vigodoro vya kuvaa makalioni vya kutosha, najua soko linataka nini. Hapo uso wake ulibadilika. Alisema kuna mishipa mikubwa ya damu ndani ya msuli wa makalio, mafuta yakichomwa kina kirefu yakaingia kwenye mshipa huo, yanapanda moyoni na kwenye mapafu, na mtu anaweza kufia mezani. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji wa aina hiyo vilitoa onyo, vikikadiria kifo kimoja kwa kila operesheni 3,000 hivi, na kwa jambo la urembo hicho ni kiwango kikubwa mno. Tangu hapo inasisitizwa mafuta yawekwe juu ya msuli, yasiingie ndani yake. "Yupo anayeifanya vizuri," akasema, "lakini wewe hukuja na tatizo la makalio. Umeliokota koridoni."

Kweli nililiokota koridoni. Kwenye benchi nilikaa na binti mmoja kutoka Tunduma, aliniamkia shikamoo nikaitika marahaba, tukapiga stori. Alikuwa na picha ya msanii kwenye simu, anataka figa namba nane kama ile. Mwembamba, kilo hazifiki 55. Alipotoka ndani alikuwa kimya, akaniambia ameambiwa hana mafuta ya kuhamisha, wakiyatafuta watamwachia mashimo. Nilimhurumia, ila nilimheshimu daktari.

Maswali yaliyofuata hayakuwa ya mwili kabisa. Nitazaa tena? Nikasema Mungu akipenda hapana. Akasema nisijibu kwa Mungu, nijibu kwa mpango, kwa sababu mimba ikija baada ya hapo inaweza kufumua kazi yote. Uzito wangu, kilo 82, umetulia kwa muda gani? Anataka miezi sita bila kupanda na kushuka. Presha? Sukari? Navuta sigara? Nani ataninyanyulia ndoo? Wiki sita bila kubeba kitu kizito, na mimi pasi yangu ni ya mkaa, na marobota ya vitenge nayapakua mwenyewe kwenye bajaji.

Na safari, jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Upasuaji wenyewe unafanyika Dar. Ni zaidi ya kilomita 800. Baada ya operesheni kubwa damu inaweza kuganda miguuni, na kukaa kitini kutwa nzima kunaongeza hatari, donge likichomoka linakwenda kwenye mapafu. Akasema nisije na hesabu ya kutoka hospitali leo na kupanda basi kesho. Nikae Dar angalau wiki mbili, mirija ya kutolea maji itolewe, mshono uangaliwe, nitembee. Nikajiona napandishwa mlima Kitonga kwenye kiti cha nyuma na mshono wa nyonga hadi nyonga. Nikamwambia daktari, hilo nimeelewa.

Bei ilibidi niulize mara tatu. Ya kwanza akasema "inategemea", ya pili akasema nitapigiwa simu, ya tatu akaandika kwenye karatasi. Ni zaidi ya thamani ya cherehani zangu mbili na overloki, ukichanganya na kibanda. Bima hailipii urembo, msijidanganye. Na karatasi ile haikuwa na malazi ya Dar, wala ule mkanda wa kubana wa kuvaa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Haya yangeandikwa mlangoni, mtu ajue anaingia wapi.

Siku hiyo niliondoka na karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilinuna, nakiri. Nimelipa 50,000 nikaambiwe nikafanye mazoezi? Tena nilikuwa nayafanya, kila alfajiri, yale ya kulala na kuinuka, thelathini thelathini. Mtaalamu akanitazama nikiinuka mara moja akaniambia niache kabisa, kila nikiinuka tumbo linachongoka katikati kama paa la nyumba, najiachanisha mwenyewe. Akanifundisha kupumua na kuvuta tumbo la ndani, taratibu, kitu hata jasho hakitoi. Miezi minne sasa. Vidole vitatu vimekuwa viwili visivyotimia, mgongo hauniumi tena nikimaliza kukata, kiuno kimesoma 94 kwenye tepu ileile. Mfuko upo palepale. Ngozi haifanyi mazoezi.

Nilirudi kwa daktari mwezi wa kumi, safari hii nikasubiri saa moja tu. Akapima, akasema misuli inaendelea vizuri, na sasa swali ni la ngozi peke yake, na hilo ni langu: kovu refu linalojificha ndani ya nguo, au mfuko unaojificha ndani ya nguo. Hakunisukuma. Nikamwomba nifikirie hadi sare za shule za Januari ziishe, ndio msimu wangu. Ikiwa ni ndiyo itakuwa Machi, mdogo wangu aje kutoka Makambako kushika kibanda, na nimeshamuuliza. Amekubali, ila anataka nimwachie na overloki.

Nawapa nne kati ya tano. Daktari apewe tano, dada wa mapokezi apewe mbili, alinitajia uzito wangu kwa sauti koridoni mbele ya watu tisa. Mkienda, nendeni na sweta na kitu cha kukalia. Ulizeni bei kwa maandishi siku ya kwanza. Na msivae gauni kama mimi, fundi mzima: ukiambiwa ufunue tumbo inabidi uvue lote, nilimalizia miadi yangu nimejifunga khanga ya muuguzi. Vaeni sketi na blauzi.