Darasa la stendapu Njiro: ticha kazi anaijua, ila mdomo wake jamani

Nilishasema niliache hili, ila kila nikiona tangazo lao la darasa jipya damu inanichemka. Anayetaka kulipia mafunzo ya kuandika vichekesho kule Njiro, Arusha, asome kwanza hapa.

Siku niliyosimama kusoma cha kwangu ndo imeniharibia kila kitu. Natoka Usa River, hiace ndo maisha yangu, nikaandika hivi: "Konda kasema dada ingia, siti ipo. Nimeingia, kweli ipo. Mara siti inaniuliza, dada unashukia wapi?" Darasa likacheka, kuna chalii wa Ngarenaro alipiga meza kabisa. Ticha hakuinua hata macho kwenye simu. "Dada, wewe si Mchaga? Tupe Mchaga na hela, hayo ya hiace waachie makonda." Mbele ya watu wote! Nikamwambia ticha mi naandika ninachokiona, akanijibu basi kamsomee konda wako akulipe, akaita mwingine. Yaani nitoe ada yangu nije kuambiwa kabila langu ndo kichekesho changu? Utani wa Mchaga na hela umechakaa, hujafungua mdomo watu washajua unaishia wapi, na ni yeye huyo huyo aliyetufundisha kwamba mtu akishajua mwisho hacheki!

Hapo ndo panaponiuma, maana kufundisha anajua, nisiseme uongo. Mwanzo nilikuwa nimeandika "nilipakatwa na mzee mmoja kwenye hiace sababu konda alisema siti ipo", kimepooza hakuna wa kucheka. Yeye ndo alisema kinachofichua siri kikae mwisho kabisa, ukishakitoa nyamaza, usielezee. Nikamtoa mzee, nikatoa kupakatwa, vyote msikilizaji anavijaza mwenyewe na ndo maana anacheka. Halafu akatuambia tujirekodi na simu tukisimulia mbele ya watu, tusikilize wapi wamecheka wapi wamepoa, pakipoa kata. Hii nafanya mpaka leo na inasaidia kweli kweli.

Kwa hilo nilitaka kumpa nyota nne. Ila nikikumbuka ile simu mkononi wakati mtu anatetemeka mbele yake, hapana, mbili. Tena hata mbili ni huruma, maana kuna binti mmoja baada ya siku ile hakurudi tena na alikuwa mkali kuliko sisi wote. Vijana wa huku wanaota kusimama jukwaa la vichekesho la Cheka Tu kule Dar, sasa wote waende na utani ule ule wa Mchaga? Arusha hii yenye soko la Kilombero, wapagazi na madereva wa watalii!

Mwenye roho ngumu aende, achukue yale masomo ya mwanzo asepe. Mwenye aibu asiende kabisa, atazimwa. Mimi ada iliyobaki nimeomba wanirudishie, meseji imesomwa, kimya.