Uchambuzi wa tmux: Kazi Inayosimama Nyuma ya Terminali

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua tmux, programu huria ya kuendesha vikao vya terminali (dirisha la kuandikia amri), aliyoianzisha Nicholas Marriott mwaka 2007, na majaribio nayafanya hapa Arusha, kwenye kompyuta ya Linux iliyounganishwa na seva ya mbali kwa bando la simu. Muunganisho ukivunjika, sheli ya kawaida (programu inayopokea amri zako) hupokea ishara ya SIGHUP, yaani taarifa kwamba terminali imekatika, na mara nyingi hufa pamoja na kazi zake. tmux huzishikilia kazi hizo ndani ya mchakato wake ulioko kwenye seva, kwa hiyo mtandao ukirudi unaandika `tmux attach` na kuzikuta zinaendelea. Kwa hilo peke yake naipendekeza bila kusita.

Hata hivyo, tusiibebeshe lawama isiyo yake. Tazameni skrini: kwa alama ya `&` nimeipeleka nyuma, yaani iendelee bila kushika terminali, hati (faili la amri) ya kunakili mafaili, ikawa inachapisha majina ya mafaili vizuri, kisha ikanyamaza, na amri ya `jobs`, inayoorodhesha kazi za sheli, sasa inaonyesha `Stopped`, yaani imesimamishwa. Wengi hapo hudhani tmux imeganda, wakafunga kila kitu na kupoteza kazi nzima. Kilichotokea ni kwamba hati imefika mahali pa kuuliza ndiyo au hapana; kazi iliyo nyuma kwa kawaida huruhusiwa kuandika kwenye terminali, lakini ikijaribu kusoma kibodi, kernel (kiini cha mfumo) huipelekea ishara ya SIGTTIN na kuisimamisha. Nikiandika `ps -o pid,pgid,tpgid,stat,args`, herufi T, yaani imesimamishwa, inaonekana kwenye safu ya hali (STAT), na PGID ya hati, yaani namba ya kundi lake la michakato, hailingani na TPGID, yaani namba ya kundi lililokabidhiwa terminali kwa wakati huo. `bg`, amri ya kuiendeleza kazi ikiwa nyuma, haitasaidia, maana hati itasimama tena palepale. Andika `fg` kuileta mbele, jibu swali, bonyeza Ctrl+Z kuisimamisha, ndipo utumie `bg`.

Ikiwa herufi unazoandika hazionekani baada ya programu kuanguka, amri ya `stty sane` au `reset`, inayorudisha mipangilio ya terminali, inatosha.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Umeme ukikatika kwenye seva yenyewe, tmux nayo huzimika na kazi zote, hivyo mliofunga seva ofisini Njiro au Sakina bado mnahitaji UPS. Pili, ndani ya tmux thamani ya TERM, yaani kigezo kinachoziambia programu aina ya terminali, inapaswa kuwa `tmux-256color`. Ukilazimisha `xterm-256color`, maandishi yanaweza kuvurugika. Kwenye seva ya zamani isiyoitambua `tmux-256color`, tumieni `screen-256color`.