Dishi la Mita 2.4 Huku Costa Blanca: Uzoefu Wangu wa Kutafuta Televisheni ya Uingereza

Tathmini hii nawaandikia wenzangu waliofanya kazi Uingereza wakastaafu na kuhamia kusini mwa Hispania, au waliooana na Waingereza kama mimi, na ambao sasa wanashawishiwa kununua dishi kubwa ili wazipate tena chaneli za BBC na ITV. Sisi huku Costa Blanca, pwani ya kusini-mashariki mwa Hispania, tulilinunua, tumelitumia, na bado limesimama uani kwetu.

Zamani hapakuwa na haja ya dishi la namna hiyo. Chaneli hizo zilirushwa bila malipo kutoka setilaiti za Astra zilizo nyuzi 28.2 mashariki, na ingawa mwali wake, yaani mkondo wa mawimbi unaotumwa ardhini, ulielekezwa Uingereza, mabaki yake yalifika huku kwa nguvu ya kutosha kunaswa na dishi dogo kuliko hili. Hali ilibadilika pale chaneli zilipoanza kuhamishiwa setilaiti mpya: Astra 2F ilirushwa angani mwaka 2012, Astra 2E mwaka 2013, na Februari 2014 BBC nayo ikahamia 2E, ambayo mwali wake umebanwa zaidi juu ya visiwa vya Uingereza. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa haki za kuonyesha filamu na michezo hununuliwa nchi kwa nchi, na aliyelipia soko la Hispania hapendi mtazamaji wake apate kitu hicho hicho bure kutoka London. Silaumu. Hata hivyo, walioumia zaidi ni wazee ambao televisheni ya kwao ndiyo iliyokuwa mazungumzo yao ya kila siku, na mama mkwe wangu ni mmoja wao.

Hesabu ya dishi kubwa ni ya kweli: kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo la kupokea mawimbi huongezeka mara nne. Tatizo ni kwamba kadiri dishi linavyokuwa kubwa ndivyo linavyohitaji kulengwa kwa usahihi zaidi, kwa hiyo upepo wa baharini ukilisogeza kidogo tu, mawimbi yanapotea. La kwetu lilibidi kujengewa msingi wa zege, na kabla ya hapo tuliomba kibali cha kamati ya wenye nyumba wa mtaa wetu. Gharama yote, pamoja na ufungaji, ilizidi euro 1,000.

Asubuhi na mchana picha ni safi kabisa. Jua likizama, kipimo cha ubora kwenye king'amuzi huanza kushuka, picha inakatika vipande vya mraba, sauti inakwama, kisha kioo kinabaki cheusi. Taarifa ya habari ya saa nne usiku ya London huingia hapa saa tano, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Mama mkwe hasikii vizuri, hivyo hutegemea maandishi ya chini ya picha. Mara nyingi picha huganda sentensi ikiwa nusu, naye hukaa akiitazama ile nusu akisubiri iendelee.

Fundi aliyetuuzia alituhakikishia chaneli zote saa zote, akafanya majaribio mchana, akalipwa, akaondoka. Tulipomwita tena aliligeuza dishi kidogo, akadai malipo mengine, na hapo ndipo aliposema kuwa ukingoni mwa mwali mawimbi hupungua usiku. Alipaswa kutueleza hilo kabla ya kupokea fedha zetu, kwa sababu ni jambo linalojulikana na kila fundi wa pwani hii.

Njia ya intaneti nayo ina vizuizi vyake. Huduma ya iPlayer ya BBC imetengwa kwa watazamaji walioko Uingereza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 2018 ilimruhusu msafiri kutumia nje ya nchi yake huduma aliyoilipia, lakini haikumhusu mtu aliyehamia moja kwa moja. Vile visanduku vya kutazamia chaneli kwa intaneti kwa malipo ya mwezi, vinavyouzwa kwa siri, siwashauri, maana havina idhini na hufungwa ghafla. Inanisikitisha kwamba mimi, mzaliwa wa Mombasa, naitazama Citizen TV moja kwa moja kupitia YouTube bila kulipa chochote, ilhali mama mkwe hawezi kuipata televisheni ambayo aliilipia leseni, ile ada ya televisheni ya Uingereza, maisha yake yote.

Kwa huku kusini nalipatia dishi hili nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya mchana. Anayeishi kaskazini mwa Ufaransa halihitaji, kwani huko dishi la kawaida linatosha. Aliye pwani hii na bado analitaka, amwambie fundi aje na dishi la majaribio, walitazame pamoja hadi saa sita usiku, tena siku yenye upepo, na malipo yafuate baada ya hapo.