Banda la mpira la Barani, Malindi: Milan kwenye skrini ya nyuma

Anayetaka kutazama Ligi Kuu ya Uingereza mjini Malindi hahitaji kuelekezwa na mtu, kwa kuwa hakuna mtaa usiokuwa na banda lake, na hakuna banda lisiloonyesha Arsenal na Manchester United. Mwenye shida ni shabiki wa ligi ya Italia, na mashabiki hao hapa kwetu si haba. Waitaliano wameuzoea mji huu tangu kituo cha San Marco, kule Ngomeni, kilipoanza kurusha setilaiti katika miaka ya 1960, na baada ya wanasayansi wakaja wenye hoteli, wenye mikahawa na wazee waliostaafu. Vijana waliofanya kazi katika majiko, bustani na mashua zao walijifunza lugha, wakajifunza kupika pasta, na wengi wakarithi timu za matajiri wao. Ndiyo maana utamkuta Malindi mzee wa Kigiriama anayeweza kukutajia kikosi cha Milan cha miaka ya 1990, kuanzia kipa hadi mshambuliaji, bila kukwama.

Banda ninalolitathmini liko upande wa Barani. Silitaji jina, kwa kuwa nina malalamiko juu ya mwenye banda, na si uungwana kumshtaki mtu hadharani kwa jambo ambalo bado tunajadiliana naye mlangoni kila wiki.

Nianze na yanayoonekana. Kiingilio ni shilingi 50, na aliyelipia mechi ya kwanza halipi tena kwa mechi inayofuata mpaka banda lifungwe, utaratibu ambao mabanda mengi yamekwisha kuuacha. Kuta ni za mabati lakini paa ni la makuti, kwa hiyo joto la mchana halikai ndani. Feni zipo na zinafanya kazi, ingawa ile ya katikati ina kelele inayomshinda mtangazaji mchezo unapopoa. Mbele kuna viti vya plastiki na skrini kubwa ya projekta. Nyuma kuna mabenchi ya mbao na televisheni ya inchi 43 iliyofungwa ukutani, juu kiasi kwamba aliyekaa benchi la kwanza huondoka na maumivu ya shingo. Picha ya projekta ni nzuri usiku, lakini kabla ya magharibi mwanga hupenya kwenye viungo vya mabati na kuipausha, hata namba za wachezaji zisisomeke. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa bila kuchelewa, ila king'amuzi huchukua muda wake kurudi hewani, na muda huo ndio mabao hupenda kufungwa.

Viazi vya karai vinavyouzwa nje ya mlango vinastahili sifa za peke yake. Mama mwenye karai hawaharakishii wateja: huacha mafuta yachemke sawasawa, hukichovya kiazi kwenye unga uliokolezwa manjano, na hakitoi mpaka ganda limekauka pande zote. Chatini yake ya ukwaju ina pilipili ya kutosha kumnyamazisha shabiki wa Juventus. Muuza kahawa huingia wakati wa mapumziko na dele lake, vikombe vikigongana mkononi, na kashata zake za nazi huisha kabla hajafika mabenchi ya nyuma.

Hata hivyo, hakuna anayekesha hapa kwa ajili ya viazi. Kinacholifanya banda hili liyapite mengine ni mazungumzo ya mashabiki wa Milan, na mazungumzo hayo yana mada moja isiyochakaa, nayo ni mwenye timu.

Kwa asiyefuatilia, habari ni hii. Silvio Berlusconi aliinunua Milan mwaka 1986, akaiuza mwaka 2017 kwa mfanyabiashara wa China, Li Yonghong, ambaye baada ya mwaka mmoja na kidogo alishindwa kulipa mkopo alioukopa, na timu ikaangukia mikononi mwa mdai wake, kampuni ya uwekezaji ya Elliott ya Marekani. Elliott waliisafisha timu kihesabu, wakamweka nahodha wa zamani Paolo Maldini katika uongozi wa masuala ya kiufundi, na mwezi Mei 2022 Milan ikatwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya 19, wa kwanza tangu 2011. Mwezi Agosti mwaka huohuo timu iliuzwa kwa RedBird, kampuni ya Gerry Cardinale yenye makao yake New York, kwa bei ya euro bilioni 1.2, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa mkopo uliotolewa na muuzaji mwenyewe. Msimu uliofuata Milan ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Inter, mahasimu wao wa mji mmoja. Wiki chache baadaye, Juni 2023, Maldini akapigwa kalamu.

Huyo si mtu wa kuachishwa kazi kama karani. Maldini alianza kuichezea timu kubwa ya Milan mwaka 1985, akastaafu mwaka 2009 akiwa amecheza mechi 902 bila kuvaa jezi ya klabu nyingine, na baba yake, Cesare, ndiye nahodha aliyelinyanyua Kombe la Ulaya la kwanza la klabu hiyo mwaka 1963. Kabla kidonda hakijapoa, Sandro Tonali, kijana aliyekulia katika ushabiki wa Milan, akauzwa Newcastle. Katika mabenchi ya nyuma kuna mzee aliyepika miaka mingi katika hoteli ya Waitaliano, ambaye huja na jezi namba 3 ya Maldini iliyobanduka nusu ya namba yenyewe, na tangu kiangazi kile hajawahi kulitamka jina la Cardinale. Humwita "yule wa Amerika", na kamera ikielekezwa kwenye viti vya wakubwa husonya kabla hajajua ni nani anayeonyeshwa.

Upande wa pili wa hoja una wakili wake, na hili ndilo linalonirudisha pale. Ni kijana anayesomea uhasibu, ambaye huwakumbusha wazee kwamba katika msimu wa 2022/23 Milan ilipata faida ya euro milioni 6.1, faida yake ya kwanza baada ya miaka 17.

"Mzee wangu," alisema usiku mmoja, "timu isiyojua kuhesabu ndiyo iliyochukuliwa na mdai mwaka 2018. Mnataka turudi kule?"

"Mwanangu," alijibu mzee bila kuondoa macho kwenye televisheni, "mimi sijamkataza kuhesabu. Nimemuuliza, akishahesabu, anatuambia nini?"

Hapakuwa na jibu, na kwa maoni yangu swali lile limebeba ghadhabu yote. Shabiki amekwisha kuzoea kuona mchezaji akiuzwa, na kufungwa huvumiliwa. Kisichovumilika ni maamuzi yanayoshuka kutoka mahali asipoweza kupafikia, yakitangazwa kwa sentensi mbili za shukrani. Msimu wa 2024/25 uliyaonyesha hayo kwa wingi. Kocha Paulo Fonseca aliletwa huku mashabiki wakinung'unika, akatimuliwa mwishoni mwa Desemba baada ya sare ya 1-1 na Roma. Sérgio Conceição aliyempokea alitwaa Kombe la Super la Italia mjini Riyadh katika wiki yake ya kwanza, kwa kuifunga Inter 3-2, na kwa siku chache banda letu lilidhani limekosea kulalamika. Baadaye Milan ikapoteza fainali ya Kombe la Italia kwa bao 1-0 mbele ya Bologna, ikamaliza ligi katika nafasi ya nane, na ikakosa mashindano ya Ulaya kabisa. Katika mechi ya mwisho dhidi ya Monza, tarehe 24 Mei 2025, mashabiki wa jukwaa la kusini la San Siro, uwanja wa Milan, walijipanga kwenye viti vyao wakaunda kwa miili yao maneno ya kumtaka mwenye timu arudi kwao, kisha wakatoka wakaliacha jukwaa tupu. Milan ilishinda 2-0 siku hiyo, na sikumbuki mtu bandani aliyesimama kushangilia.

Kilichofuata kilikuwa mchanganyiko. Tijjani Reijnders aliuzwa Manchester City na Theo Hernández akaenda Al-Hilal ya Saudia. Upande mwingine akarudi Massimiliano Allegri, kocha aliyeleta ubingwa wa 2011, na akaja Luka Modrić, ambaye hata wapinzani hukaa kimya akigusa mpira. Kisha ukazuka mpango wa kuipeleka mechi ya ligi baina ya Milan na Como mjini Perth, Australia, kwa kuwa San Siro ingekuwa na shughuli za Olimpiki ya msimu wa baridi mwezi Februari 2026. Mpango huo ulifutwa Desemba 2025, lakini ulikuwa umekwisha kuwapa mabenchi ya nyuma kazi ya miezi miwili. Nakiri kwamba hoja yao ilinichekesha kidogo, kwani sisi tunaotazama kutoka Malindi ndio wa mwisho wenye haki ya kulalamika kwamba mechi imechezwa mbali na nyumbani.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu. Zamani, mechi za Milan zilizogongana na za Uingereza zilipewa skrini kubwa kwa zamu. Msimu mmoja ulipoanza tulikuta ubao wa mlangoni umeandikwa kwa chaki kwamba kuanzia sasa skrini kubwa ni ya Uingereza na Italia itaonyeshwa nyuma, kiingilio ni kilekile. Hakuna aliyeulizwa. Siku hiyo baadhi yetu tulikataa kulipa tukasimama nje, tukisikiliza mechi kupitia mabati, na mwenye banda akatoka na daftari lake la mapato, akalifungua chini ya taa na kutuonyesha: usiku wa Waingereza watu humjazia ukumbi, usiku wa Milan viti zaidi ya nusu huwa vitupu. Daftari halikusema uongo. Lakini uamuzi unaweza kuwa sahihi kwenye daftari na bado ukawa wa dharau kwa namna ulivyoletwa, na watu walewale waliokuwa wakimlaani mwekezaji wa New York hawakuchelewa kumpa mwenye banda jina jipya. Mpaka leo anaitwa Cardinale, na huitika.

Tofauti, na lazima nimpe haki yake, ni kwamba huyu wa kwetu hukaa mlangoni. Ukitaka kumlalamikia hupeleki barua kwa wakala. Unamkuta na sanduku lake la chenji, na baada ya majuma ya kelele alikubali kwamba mechi ya Milan na Inter itapewa skrini kubwa hata kama Uingereza yote inacheza. Aliitimiza ahadi hiyo, akazomewa na mashabiki wa Arsenal, akavumilia. Alichokataa katakata ni kupunguza kiingilio kwa wanaokaa nyuma. Hapo ndipo ninapomnyima alama: shilingi 50 kwa skrini ya projekta ni bei ya haki, ila shilingi 50 kwa televisheni ya inchi 43, huku sauti ikitoka kwenye mechi nyingine, ni kumtoza mtu kwa uaminifu wake. Angetoza 30, au walau angeweka spika ndogo nyuma, nisingekuwa na la kuongeza.

Kwa anayetaka kwenda, kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni saa. Mechi kubwa za Italia huanza saa tano kasorobo usiku kwa saa zetu wakati wa baridi ya Ulaya, na saa nne kasorobo baada ya wao kusogeza saa mwishoni mwa Machi. Mechi za usiku huo mara nyingi haziingiliani na za Uingereza, kwa hiyo skrini kubwa huwa huru na ndipo banda linapokuwa katika ubora wake: watu wachache, kahawa moto, kila neno linasikika. Epuka mechi za alasiri za wikendi, ambazo hugongana karibu kila mara. Wakati wa baridi mchezo wa usiku huisha baada ya saa sita na nusu, na tuktuk zinazobaki barabarani hupandisha nauli, hivyo patana na dereva mapema na umwambie aje na dakika za nyongeza akilini. Fika kabla ya kashata kuisha, kaa benchi la pili na si la kwanza kwa ajili ya shingo yako, na ukija na jezi ya Inter, tafuta kiti cha mbele kabisa.