Mbalamwezi tatu za kusafisha Google Drive ya ofisi: uzoefu wangu

Ninatunza kumbukumbu katika ofisi ndogo ya ununuzi wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwa miaka kadhaa sasa karatasi zetu karibu zote tunaziweka Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google. Tuko watano: mama mwenye ofisi, mshika mzani, kijana anayepokea mzigo kule Nansio, kisiwani Ukerewe, dereva na mimi. Kila mmoja hupiga picha stakabadhi kwa simu yake na kuipandisha kwenye folda ya pamoja. Utaratibu huu ulizaliwa na risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi, ambazo huchapwa kwa joto wala si kwa wino. Ukiiacha moja kwenye dashibodi ya gari, baada ya muda maandishi yamefifia na umebaki na kipande cheupe ambacho hata aliyekupa hawezi kukisoma. Na kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, picha iliyopigwa siku ileile ya manunuzi ndiyo inayotuokoa mkaguzi akibisha hodi.

Mambo yaliharibika siku akaunti ya ofisi ilipojaa. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na Drive, barua pepe za Gmail na picha za Google Photos. Ikijaa, hupandishi faili jipya na, jambo linalouma zaidi, barua pepe haziingii. Sisi tulijua baada ya mnunuzi wetu wa Bujumbura kupiga simu kuuliza kwa nini barua zake zinamrudia. Mama alikuwa tayari kulipia gigabaiti 100 siku hiyohiyo yaishe, lakini nilimwomba anipe muda kwanza, kwa sababu nilikwisha kuanza kushindwa kuzipata hata karatasi nilizozipandisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Muda wenyewe tunao kila mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na ofisi kama yetu hubaki na kazi ya kufagia na kuhesabu magunia yaliyobaki stoo. Kuisafisha Drive kulichukua mbalamwezi tatu.

Ya kwanza niliipoteza karibu yote. Nilitafuta vitu vya zamani nivifute, nikaanza na picha za 2019 na 2020 zilizokuwa Google Photos, nikafuta mamia kwa mamia, nikarudi kutazama kipimo cha nafasi na kukikuta palepale. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimesoma masharti: picha zilizohifadhiwa kwa ubora uliopunguzwa kabla ya Juni 1, 2021 hazihesabiwi katika zile gigabaiti 15, zinazohesabiwa ni zilizopandishwa kuanzia tarehe hiyo. Nilikuwa nimefuta picha za mitumbwi yetu na za watu wetu bila kupata hata megabaiti moja. Bahati nzuri zilikuwa bado kwenye pipa la taka la Photos, nikazirudisha zote. Pipa la Drive nalo lilinifundisha jambo jingine: kitu ulichokifuta hukaa humo siku 30, na siku zote hizo kinaendelea kula nafasi mpaka ulimwage pipa mwenyewe.

Mzigo halisi niliukuta sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala rudufu ya WhatsApp ya simu ya ofisi, iliyofungwa kwenye akaunti hiyohiyo. Zamani nakala hizo kwa simu za Android hazikuhesabiwa, lakini mabadiliko yalianza kuingizwa hatua kwa hatua kuanzia Desemba 2023, na magrupu yetu ya bei za samaki, pamoja na video zake zote za mahubiri na vichekesho, yalikuwa yamemeza zaidi ya gigabaiti tano. Niliondoa video kwenye nakala hiyo, na nafasi ikapatikana siku ileile. Sehemu ya pili ilikuwa Gmail: ukiandika "larger:10M" kwenye kisanduku cha kutafutia, unaletewa barua zote zinazozidi megabaiti 10, na hapo nilikutana na katalogi za mashine za kukaushia samaki ambazo hatukuwahi kuzinunua wala hatutazinunua.

Ugonjwa wenyewe niliuona mbalamwezi ya pili, nilipotafuta vipimo vya mzani vya Nansio vya mwaka 2022 na kukuta folda tupu. Kijana aliyekuwa akipokea mzigo huko wakati ule alikwisha kuacha kazi na kuhamia Geita. Nilipompigia, hakuonyesha wasiwasi wowote. "Dada, mimi nilifuta vya kwangu tu," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Akaunti yake nayo ilikuwa imejaa, akaisafisha, siku 30 zikapita, na vipimo vya mwaka mzima vikapotea.

Hapa ndipo ningependa anayesoma tathmini hii akae kidogo, kwa sababu sikuwahi kukutana na mtu aliyenieleza jambo hili kabla halijanifika. Katika akaunti za kawaida za Google, folda ya pamoja haimiliki kilichomo ndani yake. Faili ni la aliyelipandisha, na linakula nafasi ya akaunti yake, hata likikaa kwenye folda ya mtu mwingine. Ni kama kibanda pale mwaloni chenye magunia ya wachuuzi kumi: mwenye kibanda ana ufunguo na anapanga nani alale wapi, lakini kila gunia lina alama ya mwenyewe, na siku mwenyewe akija na mkokoteni huna la kumwambia. Kinyume chake pia ni kweli. Nikiondoa faili la mwenzangu kwenye folda, ninaliondoa mahali pale tu. Kwake lipo, na nafasi linayokula haipungui. Miezi yote ile niliyodhani ninasafisha, sehemu kubwa nilikuwa ninaficha vitu vya watu.

Drive ina njia ya kuhamisha umiliki, lakini kwa watu kama sisi ni ya jasho. Mwenye faili ndiye anayeanzisha akiwa kwenye akaunti yake, anayepewa lazima akubali, na ukihamisha umiliki wa folda, mafaili yaliyomo hayafuati. Yanabaki kwa wenyewe. Kwa majedwali machache yenye thamani, kama lile la bei na la madeni ya mafuta ya mitumbwi, tulifuata njia hiyo kwa sababu ilikuwa lazima historia ya mabadiliko ibaki. Kwa picha za stakabadhi, ambazo zilikaribia elfu mbili, nilitumia ujanja mwingine: nikiwa ndani ya akaunti ya ofisi nilichagua mafaili kwa mkupuo na kutengeneza nakala zake, kwa kuwa anayetengeneza nakala ndiye anayekuwa mmiliki wa nakala hiyo. Kazi hiyo hufanyika hukohuko kwenye mitambo ya Google, kwa hiyo bando haliliki kama ambavyo lingeliwa kwa kupakua na kupandisha upya. Hasara yake ni kwamba maoni na matoleo ya zamani hayaji na nakala, lakini picha ya risiti haina historia ya kuililia.

Kisha ilibidi wenye mafaili ya awali wayafute wao, vinginevyo tungebaki na kila kitu mara mbili. Tulikaa kwenye benchi la nje ya ofisi jioni moja, kila mtu na simu yake, nikawaonyesha kuandika "owner:me" kwenye sehemu ya kutafutia ili kila mmoja aone vyake tu. Mshika mzani, ambaye vidole vyake vimekomaa kwa kamba za magunia, alikuwa akigusa faili moja na kufungua jingine, mpaka akamkabidhi binti yake simu na kubaki akiamuru: hiki acha, hiki toa, hicho ni cha kwangu cha kanisani usikiguse. Tulimaliza usiku. Tangu siku hiyo hakuna anayepandisha stakabadhi kwa akaunti yake binafsi. Simu zote za kazi zina akaunti ya ofisi kama akaunti ya pili, na mmiliki wa kila karatasi ni ofisi.

Wenye uwezo wana njia nyepesi kuliko hii. Baadhi ya vifurushi vya kulipia vya Google Workspace vina hifadhi za pamoja ambamo faili ni mali ya taasisi tangu linapoingia, na mfanyakazi akiondoka haondoki na kitu. Kama ningekuwa na wafanyakazi ishirini nisingefikiria mara mbili. Kwa watano, na mmoja wao akitumia simu yenye kioo kilichopasuka, malipo ya kila mwezi kwa kila mtu hayakuingia akilini mwa mama, na sikumlaumu. Nilijaribiwa pia na programu moja ya nje inayojitangaza kuwa hutafuta mafaili yanayojirudia, ila ilipoomba ruhusa ya kusoma na kufuta kila kitu kwenye Drive yetu niliifunga.

Mbalamwezi ya tatu ilikuwa ya majina na viungo, yaani zile anwani (link) za kushirikisha folda. Kuhusu majina sitasema mengi. Tulikuwa na "orodha ya bei mpya", "orodha ya bei mpya kabisa" na "orodha ya bei mpya kabisa HII NDIYO", na iliyokuwa ikitumika ni ya katikati. Sasa kila jina linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano "2024-03-18 ushuru Nansio gunia 120", kwa sababu Drive ikipanga majina kwa mpangilio wa herufi na tarakimu, tarehe zinajipanga zenyewe. Inafaa kujua kwamba utafutaji wa Drive husoma pia maandishi yaliyomo ndani ya PDF na picha; risiti ya EFD iliyopigwa vizuri huipata kwa kuandika jina la duka tu. Stakabadhi zilizoandikwa kwa mkono usizitegemee hivyo, zipe jina.

Viungo ndivyo vilivyonitoa jasho. Nilipofungua folda moja baada ya nyingine kutazama nani ana ruhusa, nilikuta folda ya wavuvi tunaowakopesha mafuta, yenye nakala za vitambulisho vyao vya taifa vya NIDA, ikiwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo, na kiungo chenyewe kiliwahi kutumwa kwenye grupu lenye watu zaidi ya mia. Nilikijaribu kwenye kivinjari ambacho sikuwa nimeingia kwa akaunti yoyote, nacho kikafunguka bila kuuliza. Aliyekiweka wazi ni mimi, zamani, siku kijana wa Nansio alipolalamika kwamba folda haifunguki nami nikataka kumaliza haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekwisha kuanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na hata kama isingekuwapo, mvuvi aliyenipa kitambulisho chake ili apate petroli hakunipa ruhusa ya kukitembeza. Nilifunga kiungo, nikaongeza watu wawili tu kwa barua pepe zao, na sasa kukagua ruhusa kumo kwenye ratiba ya kila mbalamwezi, kabla ya hesabu ya stoo.

Kwa tathmini yangu Google Drive ni chombo kizuri kwa kutunza na kutafuta, na kwa ofisi yenye bajeti kama yetu ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa ajili ya lile neno la folda ya pamoja, ambalo humfanya mtu aamini kwamba kuna kitu cha pamoja. Akaunti ya ofisi ilisimama kwenye gigabaiti 6.1 tulipomaliza, bila kulipa hata senti, na barua za Bujumbura zinaingia.

Kilichobaki ni folda niliyoipa jina "Bado". Ina picha 63 za stakabadhi ambazo hazisomeki au hazina tarehe, na sithubutu kuzifuta kabla miaka mitano haijaisha. Mshika mzani amekwisha kuzitambua tatu kwa rangi ya maturubai yaliyo nyuma ya karatasi. Anasema turubai la bluu lilichanika wiki ya Pasaka, kwa hiyo picha yoyote yenye turubai zima ni ya kabla ya hapo.