HDD au SSD: uhifadhi picha zako wapi?

Kwa bei, HDD (diski ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka) bado inashinda. Ukitaka terabaiti 4 na kuendelea, kila gigabaiti itakugharimu kidogo kuliko kwenye SSD (diski inayotumia chipu za kumbukumbu).

Kasi? Hapo hakuna mjadala, SSD inashinda. HDD ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea lazima kisubiri sehemu inayotakiwa ifike. SSD haina kinachozunguka.

Uimara ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukiangusha HDD ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na picha zikaenda na maji. SSD huvumilia misukosuko hiyo. Lakini HDD mara nyingi huugua kabla ya kufa: utasikia tik, tik, tik, faili zitachelewa kufunguka, nawe utapata nafasi ya kuhamisha vitu. SSD inaweza kuzimika ghafla, jana ilikuwa nzima, leo kompyuta haiioni kabisa. Isitoshe, hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja taratibu. Ukiifungia kabatini miaka mingi, hasa kwenye joto, usishangae picha zikipotea.

Kwa hiyo mimi kompyuta ya kazi naiwekea SSD, na nakala za zamani naziacha kwenye HDD ninayoiwasha mara mbili tatu kwa mwaka. Kama diski yako inasafiri nawe kwenye begi kila siku, nunua SSD ya nje, hata kama ni ndogo. Na nakala iwe sehemu nyingine pia.