Video ya harusi yangu nzuri sana, ila kiapo cha mume wangu hakisikiki

Naandika hii hasira bado ziko juu kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Nilikuwa nimeshaamua ninyamaze yaishe, lakini juzi rafiki yangu aliyechumbiwa kaniuliza "yule aliyewapigia video mnampendekeza?" nikashindwa kumjibu, nikaanza kulia kwenye simu, ndo nikajua hili jambo halijaisha.

Mwenzenu nimeolewa muda kidogo sasa. Video ilichelewa, tukaulizia, tukaambiwa iko kwenye kuediti, tukaulizia tena, mpaka tukachoka, halafu siku moja jioni ikaingia linki. Tukazima taa, laptopu mezani, mimi na mume wangu tumebanana kwenye kiti kimoja. Na nisiwe mchoyo wa sifa, picha ni nzuri. Nzuri kweli. Kuna pale nafungwa vifungo vya gauni mgongoni, mikono ya mama inatetemeka na kifungo kimoja kinamponyoka mara mbili, mimi siku yenyewe sikukiona hicho kitu maana kilikuwa nyuma yangu, nimekijulia kwenye video. Hapo nilishaanza kusema moyoni hela yetu haikwenda bure.

Basi kikafika kiapo. Mume wangu kanishika mkono, kamera iko karibu kabisa, taratibu, anavuta pumzi, anafungua mdomo. Muziki. Kinanda na dada mmoja anaimba. Nikajua ni utangulizi tu, muziki utashuka na sauti yake itapanda, nikasubiri, midomo inaenda, machozi yanamtoka, anageuza karatasi, anaendelea, dada anaimba, mpaka pete ikaingia kidoleni na bado anaimba. Hakuna neno hata moja. Mume wangu akanyoosha mkono akarudisha nyuma, tukaangalia tena, akaongeza sauti mpaka mwisho kana kwamba kiapo kimejificha chini ya wimbo. Halafu akainuka akaenda kunywa maji na hakurudi kukaa.

Niwaeleze kwa nini inauma hivi. Mume wangu si mtu wa maneno. Kile kiapo alikiandika mwenyewe kwa mkono, karatasi kaikunja mara nne, hakumuonyesha mtu, mimi nilikisikia mara moja tu na nilikuwa natetemeka kiasi kwamba nimeshika sentensi mbili labda tatu. Karatasi yenyewe aliirudisha kwenye mfuko wa koti, koti lilikuwa la kukodi, likarudishwa na karatasi ndani. Kwa hiyo ile video ndo ilikuwa mahali pekee hayo maneno yalipotakiwa kubaki.

Kesho yake nikampigia simu mpiga video, yule bosi wao. Kwa upole kabisa, namuuliza kaka samahani, sehemu ya kiapo sauti iko wapi, labda kuna faili jingine? Akaniambia, "Dada, kwani wewe hukumbuki mlichoambiana?"

Nikanyamaza. Yaani nilikosa pa kushika. Akaendelea, eti wateja wengi wanapenda muziki hapo, kiapo kikavu kinachosha, na "mbona picha ni kali." Hakuna pole. Neno pole ni herufi nne tu na lingetosha, nasema ukweli wangu, angesema pole dada tumekosea leo nisingekuwa naandika hapa.

Kilichotokea kweli sikukijua kwake, nimekijua kwa kijana wake aliyekuwa kamera ya pili, huyo nitamrudia. Sikilizeni vizuri nyie mnaojiandaa maana hapa ndo penyewe.

Kamera iliyokuwa karibu yetu, ile iliyotoa picha tamu, ilikuwa imewekwa kwenye slo mosheni, picha 120 kwa sekunde zikichezwa 24, ndo maana kila kitu kinaenda polepole mara tano. Sasa kamera nyingi ukiiweka kwenye slo mosheni ya humo humo ndani hairekodi sauti kabisa. Si kwamba inarekodi mbaya, hairekodi. Haidhuru, wanaoijua kazi hutegemea kimaiki kidogo cha kubana kwenye koti la bwana harusi. Kimaiki kilikuwepo, nakikumbuka, na kile kiboksi chake kilichobanwa kiunoni kilikuwa kinawakawaka taa nyekundu wakati tunajipanga kusimama, mimi nikaona nikajisemea sawa, kinarekodi. Kumbe ilikuwa betri inaisha. Ilizima kabla hata hatujaanza na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyevaa hedifoni. Mtu mmoja tu angekuwa na hedifoni masikioni angesikia ukimya, angenyoosha mkono, tungesimama dakika moja tukabadilisha betri, nani angekasirika? Ningesubiri hata nusu saa!

Kilichobaki ni kamera ya pili iliyokuwa nyuma kabisa ya watu na maiki yake iliyokaa juu ya kamera yenyewe. Maiki iliyo mbali inachukua kilicho karibu yake: viti, kikohozi, mtoto, feni. Sauti ya mtu aliye kule mbele inafika kama mtu anaongea chumba cha pili. Kwa hiyo wakaona bora wafunike na wimbo, na hawakutuambia.

Na huo wimbo nao, jamani. Ni wimbo unaojulikana, hakuna aliyeomba ruhusa. Tulipoipandisha video YouTube tukaifunga ili waone ndugu wenye linki tu, mtambo wao ukautambua wimbo ukazima sauti sehemu hiyo. Kuifunga video hakusaidii, inakaguliwa vilevile. Kwa hiyo ndugu zangu walio mbali wameona mume wangu anafungua na kufunga mdomo kimya kimya. Shangazi alinipigia akauliza kama simu yake imeharibika.

Sasa mnaochumbiana, sina hamu ya kuwaandikia orodha ndefu, droni sijui ngapi, trela ya sekunde ngapi, hayo mtaonyeshwa tu, kila mpiga video anaonyesha droni. Mimi niulizieni sauti. Siku ya kukaa naye muulize hivi: kiapo changu kinarekodiwa sehemu ngapi? Akikujibu moja, nyanyuka. Angalau mbili, tena zisizotegemeana. Kimaiki cha kwenye koti kiwe kimoja, na kirekoda kidogo kingine mfukoni au kwenye meza ya dijei kikivuta kutoka kwenye miksa, ile mashine inayokusanya sauti za maiki zote za ukumbini. Hiyo ya miksa nayo ina shida yake, ikija na nguvu kupita kiasi sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki kama picha yenye giza inavyoweza kuangazwa, ndo maana watu wa kazi hii wanasisitiza kusikiliza mapema na si kuangalia tu mishale ya kupima sauti inacheza. Muulize nani anavaa hedifoni. Swali dogo hilo, lakini sura yake itakwambia kila kitu.

Na ukiwa huna imani na mtu, au hata ukiwa nayo, chukua simu ya bwana harusi, iweke isipokee simu wala meseji, washa ile programu ya kurekodi sauti, itumbukize mfuko wa ndani wa koti karibu na kifua. Basi. Sauti itakuwa na mkwaruzo wa kitambaa kidogo lakini maneno yatakuwepo. Kila nikikumbuka kwamba simu ya mume wangu ilikuwa na mdogo wake siku nzima anapigia selfi, natamani kulia.

Mwombe pia akuonyeshe harusi moja nzima, si trela. Trela zote zinapendeza kwa sababu zote zina muziki, huwezi kujua chini yake kuna nini. Mwambie kaka nionyeshe watu wakiongea, dakika kumi za hotuba, niisikilize na eafoni zangu. Mimi niliangalia trela sita na zote zilinitoa machozi, sikushtuka kwamba kwenye zote sita hakuna mtu anayeongea.

Kuna mengine nayataja harakaharaka. Kwenye kucheza usiku video yetu ina mistari ya giza inatembea juu ya picha, hiyo ni taa za ukumbi na spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga jicho lake kwa kila picha, kutopatana, umeme unapigapiga mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi na kamera inatakiwa iendane nao, ni kitu cha kupima dakika tano kabla watu hawajaingia. Hilo nimesamehe. Kuchelewa pia nimesamehe.

Ila klipu ghafi sisamehi. Nilipoomba angalau wanipe mafaili kama yalivyotoka kwenye kamera nitafute mwenyewe, bosi akasema hawatoi, ni sera, na pia ni mazito mno. Ni mazito ndiyo, kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde ni kama gigabaiti 45 kwa saa, kwa kamera mbili siku nzima unapata mzigo wa kweli, lakini nikamwambia nitaleta diski yangu. Akasema dada wewe unanipotezea muda. Nikafungua mkataba, kurasa mbili, kuna kipengele cha advansi, kipengele cha balansi, kipengele cha mimi nikighairi, kuhusu klipu ghafi na watazitunza mpaka lini hakuna neno hata moja. Kwa hiyo andikisheni hilo kabla ya kusaini: mnapewa au hampewi, na zinakaa muda gani kabla ya kufutwa. Na sauti ya kiapo itajwe kwa jina lake kwenye mkataba. Mimi ningejua ningeiandika kwa wino mwekundu.

Nilikuwa nimepanga kusema msiwape kazi kabisa, nyota moja, basi. Halafu yule kijana wa kamera ya pili akanitafuta. Mwenyewe, bila kuulizwa. Akaniambia dada mimi nilikuwepo, niliona maiki imezima tukishaingia kwenye pete na nilimwambia bosi, naomba msamaha, na akanitumia faili lake la nyuma, dakika ishirini na kitu, pengine kwa kujihatarisha kazi yake. Huyo namwombea mema mpaka leo. Kwa hiyo siwezi kusema wote ni wabaya, na picha za mama na vifungo sitazipata kwa mtu mwingine yeyote duniani, kuna siku nafungua video nazima sauti naangalia mpaka mwisho na naona kweli walikuwa na macho. Siku hizo nasema nyota tatu. Kisha nakumbuka "kwani hukumbuki" na zinarudi chini zote.

Lile faili nililisikiliza usiku mume wangu amelala, eafoni masikioni, sauti juu kabisa. Mwanzo ni feni tu na mtu anaburuta kiti. Halafu kikohozi. Halafu kule mbali kabisa, chini ya kila kitu, naisikia sauti yake inataja jina langu, jina langu lote, la utotoni na la kwenye vyeti, na baada ya hapo kuna kama maneno tisa au kumi siyashiki, na kisha wazi kabisa "hata nikishindwa kusema", na mtoto akalia hapo hapo na kilichofuata kikapotea. Nimerudia sehemu hiyo sijui mara ngapi. Nimemuuliza mume wangu hata nikishindwa kusema halafu nini, anasema hakumbuki neno kwa neno, alikuwa anasoma.

Nimepata fundi wa sauti mmoja anasema ataisafisha feni apunguze na kikohozi, kasema mapema hawezi kuahidi mtoto atatoka. Bosi nimemwandikia tena wiki hii, sijaomba hela, nimemwomba faili la kile kimaiki, hata kama ni ile dakika ya kwanza tu kabla betri haijafa. Meseji ameifungua, naona. Hajajibu.